Andikeni Anachokijua Mzee Kabla ya Kununua Programu

Ndugu Mshauri,

Mimi ni mhandisi wa barabara, nina miaka minne kazini, niko Mwanza. Ofisi yetu imepewa kazi ya kupanga upya taa za kuongozea magari kwenye njia panda tatu. Iliyo ngumu zaidi ina soko upande mmoja, shule ya msingi upande wa pili, na kijiwe cha bodaboda kwenye kona. Asubuhi na jioni ni kama taa hazipo: trafiki anasimama katikati na kuita magari kwa mkono, na madereva wanamtazama yeye.

Mkuu wangu amerudi kutoka semina na habari za programu ambayo, kwa maelezo yake, ina akili ya mabingwa ndani yake. Unaijazia idadi ya magari na vipimo vya barabara, inakupangia taa. Anataka tuinunue kabla mwaka wa fedha haujaisha. Fundi wetu wa taa, mzee anayestaafu mwakani, alisimama kikaoni akasema kompyuta haijawahi kusimama pale njia panda saa kumi na mbili jioni. Tangu siku hiyo wanasalimiana tu. Mimi ndiye niliyekabidhiwa kuandika mapendekezo, na sahihi kwenye mpango itakuwa yangu.

Nikisimama na mkuu, Mzee ataona nimemsaliti, na yeye ndiye aliyenifundisha kazi. Nikisimama na Mzee, nitaonekana msomi anayeogopa mashine. Nilimwomba aniandikie namna anavyopanga taa, akanijibu, "Mwanangu, haya mambo hayaandikiki." Je, programu za namna hii zinaaminika? Na huyu Mzee nimwendee vipi?

Mhandisi wa Kike, Mwanza

*

Mwanangu,

Nianze na jambo litakalokupunguzia usiku wa kukosa usingizi: hulazimiki kuchagua kati ya hao wawili. Programu anayoitaka mkuu wako, kama kweli ni ya aina anayoieleza, haina cha kufanyia kazi isipokuwa maarifa ya mtu fulani yaliyoandikwa kwa kanuni. Na maarifa yanayoihusu njia panda yenu, kwa sehemu kubwa, yamo kichwani mwa huyo Mzee anayestaafu mwakani. Mkuu wako amekiona chombo, Mzee ameiona kazi, na wewe umewekwa mahali pazuri pa kuwaunganisha, hata kama kwa sasa unajisikia umebanwa.

Programu za aina hiyo, zinazoitwa mifumo-mtaalamu, zina umri mkubwa kuliko wewe. Katika miaka ya 1970, kwenye Chuo Kikuu cha Stanford huko Marekani, Edward Shortliffe na wenzake walitengeneza MYCIN, mfumo wa kumsaidia daktari kutambua maambukizi ya bakteria na kuchagua dawa. Ndani yake mlikuwa na kanuni mia kadhaa zenye umbo moja: KAMA dalili ni hizi na hizi, BASI yaelekea tatizo ni hili, kwa kiasi fulani cha uhakika. Ninachokipenda mimi katika MYCIN ni kwamba daktari aliweza kuigeuzia swali: kwa nini unaniuliza hivi? Nayo ikamwonyesha kanuni inayoifuata wakati huo. Ilipopimwa, mapendekezo yake yalilingana vizuri na ya mabingwa. Hata hivyo haikuingia katika kazi ya kila siku ya wodini. Haikuendana na namna madaktari walivyofanya kazi, na watu walijiuliza mgonjwa akidhurika nani atawajibika. Swali hilo la mwisho nitalirudia, maana ndilo linalokugusa zaidi.

Kwenye taa za barabarani, mfano ninaoupenda ni wa mwaka 1987. Carlos Zozaya-Gorostiza na Chris Hendrickson wa Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon walieleza mfumo wao wa kusaidia kupanga taa za njia panda moja moja. Programu zilizokuwapo wakati huo zilikuwa hodari kwa barabara zinazokatana msalaba safi, lakini zilisumbua palipo na umbo la ajabu. Wao waligawa kazi: uamuzi wa nani apite na nani kwa wakati mmoja ukawekwa kwenye kanuni za KAMA na BASI, na kukokotoa sekunde kukabaki kwa hesabu za kawaida. Huo mgawanyo ushike sana. Busara ni kitu kimoja, hesabu ni kitu kingine, na programu nzuri haivichanganyi.

Kuna mtu mwingine ambaye ningependa umsimulie Mzee habari zake. Ebrahim Mamdani alizaliwa mwaka 1942 katika nchi ambayo leo ni Tanzania, akasoma India, kisha akahamia Uingereza na kufanya kazi yake kubwa kwenye vyuo vya London. Katikati ya miaka ya 1970, yeye na mwanafunzi wake Assilian walitaka kuendesha injini ndogo ya mvuke kwa kompyuta. Badala ya kuandika milinganyo mizito ya mvuke na shinikizo, waliandika kanuni za namna mwendeshaji mzoefu anavyofikiri: shinikizo likiwa juu kidogo na linaendelea kupanda, punguza moto kiasi. Waliweza hivyo kwa sababu Lotfi Zadeh alikuwa ameonyesha mwaka 1965 kwamba maneno kama "mengi", "machache" na "wastani" yanaweza kuingia kwenye hesabu bila kulazimishwa kuwa na mpaka mkali.

Mwaka 1977, Mamdani na mwenzake Pappis waliipeleka njia hiyohiyo kwenye taa za barabarani. Kanuni zao zilikuwa za aina hii: magari yanayofika upande wa kijani yakiwa mengi na foleni ya upande mwekundu ikiwa ndogo, ongeza muda wa kijani. Kwenye majaribio yao, magari yalisubiri muda mfupi kuliko pale taa zilipoendeshwa na kidhibiti cha kawaida kinachofuata magari yanavyofika. Sasa msikilize Mzee anapokwambia, "Huku wakiendelea kumiminika na kule wako wachache, waache hawa wamalizike kwanza." Anasema kitu kilekile. Mamdani alikiandikia hesabu, naye anakisema kwa mdomo. Kwa hiyo Mzee anaposema haya mambo hayaandikiki, mjibu kwa upole kwamba mzaliwa wa nchi hii aliyaandika, na ulimwengu mzima wa uhandisi wa udhibiti unalijua jina lake.

Lakini nawe usiibebe kazi hiyo kama ushahidi wa kila kitu. Njia panda waliyoijaribu ilikuwa ya barabara mbili za mwelekeo mmoja, na jaribio lilifanyika ndani ya kompyuta. Hapakuwa na daladala inayoshusha abiria hatua chache kabla ya mstari wa kusimamia, wala mkokoteni wa magunia ya mkaa. Kanuni ni za kweli mahali zilipozaliwa. Ukizihamisha, lazima uzijaribu upya, na hapo ndipo ofisi nyingi zinapoharibu kazi.

Nikuonyeshe kwa tarakimu, maana mkuu wako atakubali tarakimu kuliko maneno yangu.

Mwaka 1958, F. V. Webster wa Maabara ya Utafiti wa Barabara ya Uingereza alitoa kanuni ya urefu wa mzunguko wa taa ambayo bado imo ndani ya programu nyingi. Chukua sekunde zinazopotea katika kila mzunguko, yaani zile za magari kuanza kuondoka na za kusafisha njia panda, zidisha kwa 1.5, ongeza 5. Kisha gawa kwa kile kinachobaki ukitoa, kwenye 1, jumla ya uwiano wa magari yanayofika kwa magari yanayoweza kupita katika kila awamu.

Tuseme mguu wa sokoni, yaani barabara inayoingia njia panda kutoka upande huo, unaleta magari 720 kwa saa kwenye njia moja, na mwongozo uliokuja na programu unasema njia moja, ikiwa kijani mfululizo, hupitisha 1,800. Uwiano ni 0.40. Mguu unaoukata unaleta 630, uwiano 0.35. Jumla 0.75. Zikipotea sekunde 10 kwa kila mzunguko, unagawa 20 kwa 0.25 na kupata mzunguko wa sekunde 80. Programu itakuchapia mpango wenye rangi za kupendeza, na kila mtu kikaoni atatikisa kichwa kwa kuridhika.

Sasa nenda pale na saa ya kupimia. Taa ikiwa kijani, yaache magari manne ya kwanza yapite, kisha pima muda kati ya gari na gari mpaka la mwisho lililokuwa limesimama kwenye foleni. Rudia mizunguko mingi, asubuhi na jioni. Ukikuta ni sekunde mbili kati ya gari na gari, mwongozo una haki: 3,600 ukigawa kwa mbili ni 1,800. Ukikuta ni sekunde mbili na nusu, kwa sababu daladala inashusha na mwenye mkokoteni anakatiza, njia hiyo inapitisha 1,440 tu. Uwiano wa mguu wa sokoni unapanda hadi 0.50, jumla inakuwa 0.85, na mzunguko unaruka hadi sekunde 133. Nusu sekunde kati ya gari na gari imeurefusha mzunguko kwa takriban theluthi mbili. Hakuna programu inayoweza kuijua hiyo nusu sekunde ikiwa ofisini kwenu. Mzee anaijua, ingawa huenda hajawahi kuitaja kwa tarakimu. Atakwambia tu, "Mguu wa sokoni ni mzito."

Na jumla ikikaribia 1, kanuni yenyewe inakwambia ukweli mchungu: hakuna mgawanyo wa sekunde utakaosaidia, kwa kuwa magari yanayofika yanazidi yanayoweza kupita. Dar es Salaam, kwenye makutano ya Tazara na Ubungo, uamuzi uliofikiwa mwisho wa yote ni kujenga juu, Daraja la Mfugale likafunguliwa mwaka 2018 na la Kijazi mwaka 2021. Kwenu huenda inatosha kuhamisha kituo cha daladala mita chache mbele. Mfumo-mtaalamu ulioandikwa vizuri unapaswa kuwa na kanuni ya kusema: hapa taa pekee hazitoshi, kagueni kituo cha mabasi kwanza. Ukiona programu inayotoa jibu daima, hata pale pasipo na jibu, iogope.

Tuje kwenye shule, ambayo kwangu inakuja kabla ya magari. Chukua barabara ya upana wa mita 14. Mwendo wa mtembea kwa miguu unaotumika sana kwenye miongozo ni mita 1.2 kwa sekunde, kwa hiyo kuvuka kunachukua karibu sekunde 12. Mtoto wa darasa la kwanza mwenye begi mgongoni na mdogo wake mkononi hatembei hivyo. Ukitumia mita 0.9, zinakuwa sekunde 16 kasoro kidogo. Tofauti ya sekunde nne ni njia nzima ya magari ambayo mtoto bado hajaimaliza taa inapogeuka. Andika kanuni kwa uwazi: KAMA ni siku ya shule, NA saa ni kati ya 12:15 na 1:30 asubuhi, BASI muda wa kuvuka kwenye mguu wa shule usipungue sekunde 16, foleni iwe na urefu wowote. Maneno hayo ya mwisho, "foleni iwe na urefu wowote", hayatoki kwenye hesabu yoyote. Ni uamuzi wa watu kuhusu nini kitangulie, na mahali pake ni kwenye kanuni, pawe wazi kila mtu aone na mwenye kupinga apinge.

Wapo wengine wenye maarifa, na mmojawao umemtaja kwa kupita tu. Yule trafiki anayeita magari kwa mkono usimchukulie kama msumbufu wa mpango wako. Muulize kwa nini anaushikilia upande mmoja muda mrefu. Mara nyingi utakuta anaona kitu ambacho vihisi vilivyofukiwa kwenye lami karibu na mstari havikioni: mkia wa foleni umefika njia panda ya nyuma na unaanza kuiziba. Hiyo ni kanuni halali kabisa, iandikwe. Ila nawe mwonyeshe upande wa pili. Akiuzuia mguu wenye magari 720 kwa saa kwa dakika nne, magari 48 yanajipanga. Kila moja likichukua mita 6, foleni ni karibu mita 290. Kama njia panda inayofuata iko mita 200, ameitibu foleni moja na kuzaa nyingine. Nina hakika akiliona hilo kwenye karatasi mtaelewana, maana naye anachoka kusimama juani.

Bodaboda nao wana yao. Taa ikiwa nyekundu wanajipenyeza hadi mbele ya mstari, na wengi wanaondoka kabla kijani haijawaka. Vitabu vya ugenini huigeuza pikipiki kuwa sehemu ndogo ya gari na kuendelea na hesabu. Kwenu, kundi la pikipiki mbele ya mstari linabadilisha muda wa kuanza kwa foleni nzima na linaongeza hatari kwa anayemalizia kuvuka. Na ikinyesha mvua, wengi wanapaki, abiria wanahamia kwenye daladala, na foleni inabadilika sura. Mwenyekiti wa kijiwe anaweza kukueleza hayo kwa nusu saa.

Sasa Mzee. Alipokwambia hayaandikiki, hakukunyima. Amesema jambo ambalo waanzilishi wa fani hii walikutana nalo mapema. Edward Feigenbaum na wenzake wa Stanford waliona kwamba kikwazo kikubwa cha mifumo-mtaalamu ni kuyatoa maarifa kichwani mwa bingwa, kuliko kuyaingiza kwenye kompyuta. Bingwa hafikirii kwa kanuni akiwa kazini. Anaona, anatenda. Ukimpa karatasi tupu na kalamu, atakutazama tu.

Kwa hiyo usimwombe aandike. Mwombe akusindikize. Nendeni njia panda pamoja, mchague saa yake ya kujidai, ile ya kumi na mbili jioni, uwe na daftari. Usimuulize "kanuni zako ni zipi". Muulize kuhusu kile mnachokiona: hapa ungeongeza au ungepunguza? Umejuaje? Ingekuwa Jumapili je? Ingekuwa mwisho wa mwezi, watu wamepata mshahara? Na iko mbinu moja ambayo haijawahi kuniangusha kwa mafundi wakongwe: tengeneza mpango wa kawaida kwa hesabu za mwongozo, umpelekee, umwambie, "Mzee, hebu nikosolee huu." Mtu ambaye hawezi kueleza anavyopanga anaweza kueleza vizuri sana kwa nini ulichopanga wewe hakifai. Kila anapokwambia "hapana", muulize sababu, na kila sababu ni kanuni mpya.

Kila kanuni iandike hivi: KAMA nini, BASI nini, kwa sababu gani, imesemwa na nani, lini, na wapi haifanyi kazi. Jina lake liwepo. Mtu aliyefanya kazi utu uzima wake wote bila karatasi inayomtaja anastahili kuliona jina lake kwenye kumbukumbu ya ofisi kabla hajakabidhi funguo za kabati la taa. Nakuhakikishia atabadilika akiona daftari linajaa maneno yake yakiwa yameandikwa kwa heshima.

Heshima hiyo isikuzuie kumpima, mwanangu. Wakongwe nao wana mazoea yaliyobaki kutoka wakati bodaboda hazijajaa mjini. Ni kawaida kwa mfano kukuta fundi anayeamini kwamba mzunguko mrefu daima unapitisha magari mengi zaidi. Kuna ukweli ndani yake: kwa mzunguko wa sekunde 80, sekunde 10 zinazopotea ni asilimia 12.5, kwa sekunde 133 ni asilimia 7.5. Lakini kadiri unavyourefusha, faida inazidi kuwa ndogo huku watu wakisubiri zaidi, na mtembea kwa miguu aliyechoka kusubiri atavuka taa ikiwa nyekundu. Kanuni ya namna hiyo iandike kama alivyoisema, kisha kapimeni pamoja, matokeo myaandike chini yake. Yeye mwenyewe awe shahidi wa kipimo.

Ukifika hapo, mtakuwa na kitu ambacho ofisi nyingi hazina: daftari la kanuni zinazohojika. Nenda kwa mkuu wako na daftari hilo mkononi, kwa adabu, si kikaoni mbele za watu. Mwambie wazo lake ni zuri na unalitaka lifanikiwe. Kisha mweleze masharti ya kununua.

La kwanza ajue anauziwa nini, kwa sababu sokoni vitu vitatu tofauti vinauzwa kwa sifa ileile ya akili. Kuna programu za kukokotoa, kama TRANSYT ambayo Waingereza waliianza miaka ya 1960, zinazopanga muda wa taa kwa hesabu. Kuna mifumo inayorekebisha taa papo kwa papo kwa kufuata vihisi, kama SCOOT ya Uingereza na SCATS iliyoanzia Sydney, Australia. Hiyo ni mizuri, lakini inaishi kwa vihisi vizima. Siku mkandarasi wa maji atakapochimba lami na kukata waya, mfumo utabaki kipofu kwenye mguu huo mpaka mtu aje kutengeneza, na bajeti ya huyo mtu lazima iwepo tangu mwanzo. Cha tatu ndicho hiki cha kanuni. Siku hizi kipo pia cha nne, mashine zinazojifunza zenyewe kutokana na data. Sizipingi, lakini zikishindwa kukueleza kwa nini zimempa mtoto wa shule sekunde 9, usizipe kazi ya shule.

Muuzaji akiwa mbele yenu, mpeni njia panda yenu halisi, ile ya soko, na vipimo mlivyovipata wenyewe, aipange mkiona. Abofye mahali popote kwenye mpango na aonyeshe kanuni iliyoleta uamuzi huo. Abadilishe 1,800 iwe 1,440 na mita 1.2 ziwe 0.9; kama tarakimu hizo zimefungwa na hawezi kuzigusa, mshukuruni na mwachane. Angalieni kama programu inajua tunaendesha kushoto, kwamba kwetu anayekata kulia ndiye anayekutana uso kwa uso na wanaonyooka. Miongozo ya Marekani, kwa mfano, imekuwa ikipendekeza kufikiria awamu ya pekee kwa wanaokatiza njia ya wenzao pale idadi yao kwa saa ikizidishwa na idadi ya wanaokuja mbele yao kwenye njia moja inapozidi 50,000. Magari 200 yanayokata yakikutana na 300 yanayonyooka, ni 60,000. Ni kipimo kizuri cha kuanzia. Huko lakini wanaendesha kulia na wanaokatiza ni wa kushoto, hivyo programu isiyogeuzwa sawasawa itampa awamu mtu asiyeihitaji na kumnyima anayeihitaji. Hili likaguliwe kwa macho, mguu kwa mguu.

Muulizeni pia nani ataongeza kanuni mpya mwaka wa tatu, baada ya soko kuhamishwa au barabara kupanuliwa. Kampuni ya Digital ya Marekani ilikuwa na mfumo wa kupanga vifaa vya kompyuta, XCON, uliokuwa na manufaa makubwa katika miaka ya 1980, lakini kanuni zake zilizidi kuongezeka hadi maelfu, na kuzitunza kukawa mzigo wenyewe. Kanuni zenu ziwe mali yenu, kwenye faili mnaloweza kulifungua hata leseni ikiisha. Na mnunue kwa ajili ya njia panda moja kwanza.

Hapo inabaki sahihi yako. Programu haijasajiliwa na Bodi ya Usajili wa Wahandisi, mhandisi ndiye anayesajiliwa. Likitokea baya pale shuleni, hakuna atakayeiita kompyuta kutoa maelezo. Kwa hiyo usisaini tarakimu ambayo huwezi kuieleza ilikotoka. Ambatanisha na mpango jedwali rahisi: muda huu wa kijani umetokana na kipimo kilichofanyika tarehe fulani, muda huu wa kuvuka umetokana na kanuni fulani, sekunde hizi za nyekundu pande zote zimependekezwa na programu na zimekaguliwa na wewe. Pale ulipokataa pendekezo la programu, andika kwamba umekataa na kwa nini. Pale ulipomkatalia Mzee, andika vilevile. Mhandisi mwenye jedwali la namna hiyo hawezi kuitwa mwoga wa kompyuta wala msaliti wa mtu.

Anza na hiyo njia panda ya soko na shule, na uanze kabla ya likizo, maana shule zikifungwa hesabu zako za asubuhi zitakudanganya, na itabidi usubiri muhula mwingine kuzirudia.